Wenye picha za ndege za zamani, msituache tubahatishe rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kazi ambayo baadhi ya wasomaji wataiona kuwa mchezo wa watoto, nayo ni kuzipaka rangi upya ndege za abiria za zamani katika programu za kompyuta zinazoiga urubani. Hapa Mbeya wapo vijana wanaoifanya kwa bidii, na wapo watu wazima kama mimi tuliojiunga nao baada ya kustaafu. Kisa cha kuandika ni kwamba ndege zilizowahi kubeba jina la Afrika Mashariki na baadaye la Tanzania zinachorwa zaidi na watu wa mbali, kwa upendo mwingi na kwa makosa mengi, ilhali picha ambazo zingesahihisha makosa hayo naamini zimelala katika makabati ya nyumba zetu na katika maktaba za magazeti, likiwemo hili lako.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nieleze kidogo. Ndege iliyomo ndani ya programu ni umbo tupu, na rangi zake zote zimo katika picha bapa zinazovishwa umbo hilo, kama vipande vya kitambaa ambavyo fundi cherehani amevikata na kuvitandika mezani kabla ya kuviunga. Mchoraji hufungua picha hizo katika programu ya bure kama GIMP, akaweka tabaka moja kwa rangi ya msingi, jingine kwa mistari, jingine kwa maandishi na nembo, na jingine kwa uchafu, yaani moshi unaotambaa nyuma ya injini na vumbi jekundu linaloganda tumboni mwa ndege inayotua kwenye viwanja vya udongo. Lipo pia tabaka ambalo mtazamaji halioni kama rangi, bali ndilo linaloamua sehemu gani ing'ae kama bati jipya na sehemu gani ififie, na ndipo wanaoanza wanaposhindwa, kwa kuwa Dakota, yaani ndege ya DC-3, yenye tumbo la aluminiamu isiyopakwa rangi hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Katika maumbo ya zamani picha moja hutumika kwa ubavu wa kushoto na wa kulia, kwa hiyo jina la shirika likisomeka vizuri upande mmoja, upande wa pili hutokea kinyumenyume, na mchoraji hulazimika kutafuta umbo jingine au kukubali aibu hiyo.

Wengi wetu huku nyanda za juu tunatumia programu za zamani, ile ya Microsoft ya mwaka 2003 au iliyofuata ya mwaka 2006, au FlightGear ambayo ni ya bure kabisa. Sababu si ukaidi. Programu ya Microsoft ya mwaka 2020 inahitaji kompyuta yenye nguvu na nafasi inayozidi gigabaiti 100, na anayenunua bando kwa siku anaelewa maana yake. Programu hizo kuukuu mbili za Microsoft zilikuja na DC-3 ndani yake, ndiyo Dakota tunayoijua, kwa hiyo kijana asiye na fedha anaweza kuanza na ndege iliyoihudumia sana Afrika Mashariki bila kununua ndege ya ziada.

Sasa nije kwenye makosa. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 na likavunjika mwaka 1977, na katika miaka hiyo mamlaka ya nchi, bendera na namba za usajili wa ndege vilibadilika. Ndege yake moja ya aina ya Comet 4 ilisajiliwa kwanza kama VP-KPK, namba ya Kenya ya wakati wa ukoloni, kisha ikawa 5H-AAF baada ya uhuru, na hizo herufi 5H ndizo za kwetu Tanzania hadi leo, kama 5X ilivyo ya Uganda na 5Y ya Kenya. Anayechora Comet yenye namba ya VP na bendera yetu ya sasa anachora ndege ambayo huenda haikuwahi kuwepo duniani, kwa kuwa bendera yenye mstari mweusi wa mshazari na pembe ya buluu ilikuja baada ya Muungano wa mwaka 1964, na kabla yake Tanganyika ilikuwa na bendera ya mistari ya kulala isiyo na buluu hata kidogo. Wachoraji wa mbali hawawezi kulaumiwa kwa kutolijua hilo. Sisi je?

Makosa yanayoniudhi zaidi ni ya Super VC10. Shirika lilikuwa na ndege tano za aina hiyo, ya kwanza ikifika mwaka 1966, na namba zake ziligawanywa kwa nchi tatu: 5X-UVA na 5X-UVJ za Uganda, 5Y-ADA ya Kenya, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania. Ndege hizo hazikuwa sawa na Super VC10 za shirika la Waingereza la BOAC, kwani za kwetu zilitengenezwa zikiwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni upande wa kushoto, mbele ya bawa, ili ziweze kubeba shehena pamoja na abiria. Mchoraji akichukua umbo la ndege ya BOAC, akafuta jina na kuandika East African, amevalisha nguo yetu mwili wa mtu mwingine. Kama hana umbo lenye mlango huo, basi achore angalau mistari ya kingo zake katika picha bapa. Haitafunguka, lakini macho yataiona. Tena asisahau tarehe. Ndege ya 5X-UVA iliharibika Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ilipojaribu kukatisha kuruka, watu 43 wakafariki, na kuiweka kwenye uwanja wa Embakasi, Nairobi, katika safari ya mwaka 1975, kama inavyofanywa, ni kukosa adabu kwa wafu hata kama aliyefanya hakukusudia.

Niseme zaidi kuhusu 5H-MOG, kwa sababu historia yake peke yake ingetosha kuandikiwa barua. Hiyo ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa kati ya zote 54, na ilifika kwetu mwaka 1970. Shirika lilipovunjika, ndege nne zilizobaki zilirudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo na kugeuzwa kuwa za kujazia mafuta ndege nyingine angani. Hiyo 5H-MOG ikapewa namba ZA150, ikapakwa rangi ya kijeshi, na ikaendelea kuruka hadi tarehe 24 Septemba 2013 ilipotua Dunsfold, ikawa mali ya jumba la makumbusho la Brooklands. Kwa maneno mengine, ndege iliyosajiliwa Tanzania iliishi angani zaidi ya miaka 40, na katika sehemu kubwa ya maisha hayo hakuna aliyeiona ikiwa na rangi zetu. Leo mahali pekee inapoweza kuonekana ikitua Dar es Salaam na jina lake la kwanza ni katika kompyuta ya kijana wa Mwanjelwa au wa Uyole hapa Mbeya. Ndiyo maana nang'ang'ania kwamba aichore sawasawa.

Mbeya yenyewe ina haki yake katika jambo hili. Shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya barua kutoka London hadi Cape Town mwezi Januari 1932, Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, baada ya Dodoma na kabla ya Mpika ya Zambia ya leo. Kwanza zilipita ndege za DH.66 Hercules, zenye mabawa mawili yaliyopandiana na injini tatu, na kuanzia mwaka 1933 zikaja Atalanta zenye bawa moja la juu na injini nne. Atalanta zilitengenezwa nane tu, na kila moja ilikuwa na jina lake linaloanza na herufi A, kama Artemis, Athena na Amalthea, kwa hiyo hata jina ni sehemu ya rangi ya ndege na haliwekwi kwa kubahatisha. Mwaka 1937 zikaingia ndege kubwa za kutua majini, njia kuu ikahamia pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, na mji wetu ukabaki pembeni. Wachoraji wa Ulaya wanapenda sana hizo za majini, na sina kinyongo, zilikuwa nzuri kweli. Ila sijaona anayejali Atalanta iliyosimama chini ya mlima Loleza.

Tatizo la msingi, Ndugu Mhariri, ni picha. Wengi hudhani kwamba ukipata picha ya rangi ya mwaka 1970 umepata rangi yenyewe, na sivyo. Picha nyingi za rangi zilizosafishwa kwenye karatasi miaka ile hupoteza kwanza rangi ya samawati hata zikikaa gizani, ndiyo maana albamu za wazee wetu zimegeuka wekundu wekundu. Katika picha kama hiyo kijani huwa kama kahawia, buluu hufifia, na mchoraji mwaminifu anayenakili anachokiona hujikuta amelipatia shirika letu rangi ambayo haikuwahi kuchaguliwa na mtu. Slaidi za Kodachrome zimehifadhi rangi vizuri zaidi, na aliye nazo ana hazina. Picha nyeusi na nyeupe za miaka ya 1930 zina hila yake pia, kwani filamu za aina ya zamani hazikuona wekundu, na rangi nyekundu hutokea nyeusi huku buluu ikitokea karibu na nyeupe. Ukitazama mstari mweusi kwenye mkia usikimbilie kusema ulikuwa mweusi.

Njia ya kusahihisha ipo, lakini inahitaji picha nyingi za ndege ileile. Paa la ndege nyingi za wakati huo lilipakwa nyeupe ili jua lisiwapike abiria ndege ikiwa imesimama uwanjani, na weupe huo ndio mizani yetu: tukijua kwamba paa lilikuwa jeupe, tunapima limegeuka kiasi gani katika picha, kisha tunarudisha rangi nyingine kwa kipimo hichohicho. Bendera ikiwa imepeperushwa karibu, kazi inakuwa rahisi zaidi. Hapo ndipo picha ya familia, ambayo aliyeipiga alikuwa anampiga shangazi akipanda ngazi za ndege ya Fokker Friendship kwenye kiwanja cha Nduli, Iringa, inapokuwa na thamani kuliko kadi ya matangazo iliyorembwa na shirika lenyewe.

Najua yupo atakayesema kwamba kila mtu achore apendavyo, na wapo waliokwisha kuweka twiga wa Air Tanzania kwenye mkia wa Concorde. Nimecheka kama wengine. Anayejifurahisha aendelee, ila aandike wazi kwamba ni ya kubuni, kwa sababu picha hizi hutoka kwenye programu zikasambaa, na mtoto anayetafuta historia ya usafiri wa anga wa nchi yake hukutana nazo kabla ya kukutana na picha halisi. Mwalimu mmoja wa sekondari alinionyesha kazi ya mwanafunzi iliyopambwa na picha ya namna hiyo, na si mwanafunzi wala mwalimu aliyetambua kwamba ilitoka kwenye kompyuta.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. La kwanza ni kwako Mhariri: gazeti lako litoe katika maktaba yake, hata kwa picha moja kila Jumamosi, ndege za Shirika la Afrika Mashariki na za Shirika la Ndege Tanzania la miaka ya mwanzo baada ya 1977, pamoja na tarehe na mahali zilipopigwa, na liwaruhusu wachoraji kuzitumia kwa sharti la kulitaja gazeti. La pili ni kwa wasomaji wa Iringa, Njombe, Tukuyu, Songea na hapa Mbeya, hasa waliofanya kazi viwanjani au waliorithi albamu za waliofanya kazi huko. Msizitoe picha zenyewe kumpa mtu, bali mzipeleke dukani zikaskaniwe, si kupigwa kwa simu chini ya taa, na mwombe fundi asizipendezeshe wala kurekebisha rangi, maana wekundu huo tunauhitaji kwa kupimia. Nyuma ya picha kama kuna maandishi, yaskaniwe nayo. Na fundi asikate pembezoni ili familia ionekane vizuri, kwa sababu mara nyingi kinachokatwa ni mkia, na mkiani ndiko kuliko na nembo, bendera na namba ya usajili.

Msomaji wako,
Forest, Mbeya