Mpeni kiongozi wa mashtaka mhasibu

Mhariri,

Kesi ya ufisadi ikitupwa, sisi wasomaji hukimbilia neno moja: kuna aliyehongwa. Huenda. Lakini mimi nimesimama kizimbani kama shahidi, na niliyoyaona pale hayakuhitaji hongo ili kesi ife.

Nilikuwa mhasibu wa chama cha ushirika. Fedha zilipopotea kupitia vocha zilizolipwa mara mbili, niliitwa kortini. Kwa miaka minne kesi ile ilipitia mikononi mwa viongozi watatu wa mashtaka. Kila mmoja alilifungua faili asubuhi ya siku yenyewe, na kila mmoja nilimfundisha upya, tukiwa tumesimama koridoni, jinsi ya kulinganisha leja na taarifa ya benki. Upande wa pili waliketi mawakili wanne, na nyuma yao mkaguzi wa hesabu waliyemkodi, akiwanong'onezea maswali ya kuniuliza. Yule kiongozi wa tatu aliondoka kabla ya kesi kwisha. Nasikia alipata kazi yenye mshahara mnono zaidi. Simlaumu.

Ndiyo maana sikushangaa Desemba 2023, kesi ya mabwawa ya Arror na Kimwarer ilipoporomoka. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, na wenzake walishtakiwa Julai 2019 kuhusu mradi wa takriban Sh63 bilioni. Hakimu alipowaachilia aliukaripia upande wa mashtaka, kwani mashahidi wengi walipanda kizimbani wakashuka bila kuulizwa maswali. Shahidi asiyeulizwa amekuja korti ya Milimani, Nairobi, kupoteza nauli tu.

Siku ya kukamatwa kamera hujaa. Siku ya kupanga risiti elfu mbili kwa tarehe hakuna hata mmoja anayekuja, na hapo ndipo kesi ya wizi wa fedha za umma hushinda au hushindwa. Wizi huu hauna damu wala panga la kumwonyesha hakimu. Una makaratasi, na makaratasi hayasemi mpaka apatikane anayejua kuyasoma.

Tazama kesi ya kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman. Ilipatikana na hatia London mwishoni mwa 2014 kwa kuwahonga maafisa wa uchaguzi na wa mitihani hapa kwetu, hongo waliyoibatiza jina la "kuku". Kesi iliendeshwa na SFO, ofisi ya Uingereza inayoshughulikia ulaghai mkubwa, ambako mpelelezi, wakili na mhasibu hulishika faili pamoja tangu mwanzo. Baadaye sehemu ya fedha ilirudi Kenya, ikatununulia ambulensi.

Sisemi tuige kila kitu. Kifungu cha 157 cha Katiba kilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) mamlaka ya kushtaki, na mimi naona ni vyema EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ipeleleze na mwingine aamue kama kesi inafaa kwenda kortini. Ila kutenganisha mamlaka si kutenganisha watu. Kiongozi wa mashtaka atakayeibeba kesi aketi na wapelelezi siku faili linapofunguliwa, abaki nayo hadi hukumu, alipwe mshahara wa kumfanya abaki, na apewe mhasibu wake mwenyewe. Tangu Februari 2024 Kenya iwekwe kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalofuatilia nchi zenye udhaifu katika kuzuia fedha chafu, tumeambiwa mengi kuhusu sheria mpya za utakatishaji fedha. Sheria tunazo tele.

Kamati ya Bunge kuhusu Haki na Masuala ya Sheria itakapokagua makadirio ya bajeti, imuulize DPP ameajiri wahasibu wangapi, na ni kesi ngapi kubwa zilizobadilishiwa kiongozi wa mashtaka mwaka huu. Majibu yachapishwe. Hata yakiwa kurasa mia nitayasoma, muda ninao.

Mhasibu mstaafu,
Nakuru