Salamu za Idd, na sadaka ya maji

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Kwa niaba ya familia yangu, nawatakia ndugu, jamaa na marafiki wote, wa karibu na wa mbali, Idd njema yenye heri na baraka. Mwenyezi Mungu azipokee saumu zetu, atusamehe tulipoteleza, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Mwaka ulikuwa mgumu, hakuna asiyejua. Sukari ilipanda, nauli ikapanda, na kiangazi mabomba ya mtaani kwetu yalikauka hata dumu la maji tukalinunua kwa bei ya soda.

Na hii ni Idd ya kwanza bila shangazi. Mliokuja mazikoni ule mwezi wa Rajabu, Mungu awalipe. Shangazi aliugua ukoma ujanani, akatibiwa, akapona. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa haikurudi: vidole vilibaki vimejikunja, nyayo hazikusikia moto wala mwiba. Kila jioni aliloweka miguu kwenye beseni kama nusu saa, akasugua sugu kwa jiwe, akapaka mafuta ya nazi ngozi ingali na unyevu, kisha akamwita mjukuu amkague nyayo. Ngozi ile haitoi jasho. Ikikosa maji inakauka, inapasuka, mpasuko unageuka kidonda, na kidonda kisichouma hakishughulikiwi mpaka kifike mfupani. Hivyo ndivyo vidole vinavyopotea.

Maji yalipoadimika, akaliacha beseni lake mwenyewe. "Pikieni watoto," akasema, "mimi nitavumilia." Jioni moja mjukuu akaona damu kwenye mkeka. Shangazi alikuwa ametembea na kipande cha chupa unyayoni tangu asubuhi, wala hana habari. Sijaacha kuuona mkeka ule.

Ndugu zangu, dawa ya ukoma hutolewa bure, miezi 6 au 12, na mgonjwa akishaianza hachukui muda haambukizi tena. Basi tuache kumtengea mtu kikombe chake pembeni! Tuache kumwachia nafasi pana msikitini. Dawa inakwisha, lakini haja ya maji haiishi mpaka kaburini. Nenda kawasalimie wazee waliougua ukoma kwenye makazi ya Nunge, Kigamboni, au ya Bukumbi kule Misungwi, na kabla ya kugawa sabuni na khanga, uliza maji yanawafikiaje. Asiye na vidole atabebaje ndoo ya lita 20? Hata koki ya kuzungusha inamshinda. Ya mpini mrefu anaisukuma kwa kiwiko, akatawadha bila kumsubiri mtu. Sahaba Saad bin Ubada alipomuuliza Mtume (S.A.W.) sadaka gani ni bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, alijibiwa: maji. Akachimba kisima. Sisi tunaoshona kanzu mpya kila mwaka, tumewachimbia nini wazee wetu?

Familia tumenuia kumwekea shangazi tangi na koki za mpini mrefu pale msikitini petu, penye kutawadhia. Mwenye kupenda kuchangia, tuonane baada ya sala ya Idd. Watoto wapeni mkono wa Idd, na wagonjwa tuwapitie.

Taqabbalallahu minna waminkum. Idd Mubarak.