Kikao cha Jumamosi kimehama, na njooni na simu zenye chaji

Hamjambo ndugu zangu. Jumamosi hii hatukutani kwa Mama Zuhura, ana wageni. Tutakuwa ukumbi mdogo wa maktaba, saa nane kamili mchana. Mchango wa chai ni dola 5, nipeni mkononi.

Ajenda ni moja. Mnakumbuka yaliyonipata mwaka jana: natuma ritani ya kodi, muda si mrefu inarudi, imekataliwa. Kumbe mtu alishaijaza kwa namba yangu ya Social Security na kudai marejesho. Nikajaza fomu 14039, ya kuripoti wizi wa utambulisho, nikasubiri miezi na miezi.

Basi kila mtu atachukua IP PIN yake, namba ya siri ya kulinda ritani, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni tarakimu 6, bure, na hubadilika kila mwaka. Ukishakuwa nayo, ritani ya mtandaoni isiyo na PIN hiyo haipiti.

Njooni na:
1. Simu yenye chaji, na neno la siri la barua pepe mnalolikumbuka (Mzee Salim, safari hii usimpigie mwanao!)
2. Leseni au pasipoti
3. Namba ya Social Security au ITIN (namba ya kodi ya wasio na Social Security) kichwani. Kadi ibaki nyumbani.

PIN ukiipata usiitume humu. Mpe anayekujazia ritani tu.

Na ile meseji ya jana, "marejesho yako yako tayari, bonyeza hapa", futeni. IRS kwa kawaida huanza kwa barua ya posta.

Nijibuni NAKUJA au SIJI kabla ya Alhamisi usiku, nijue mandazi mangapi.