Barua kwa mwanangu: Zarifa, na yule bibi wa kwenye picha

Muscat, Ijumaa

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Kile kitabu ulichoniachia kando ya kitanda nimekimaliza jana baada ya Isha. Kiarabu changu cha kusoma unakijua kilivyo kizito. Sisi tuliotoka Unguja tulifika huku na Kiswahili chetu na Kiingereza cha skuli. Basi nimekisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Marilyn Booth, *Celestial Bodies*. Mwandishi wake wa Oman, Jokha Alharthi, kwa Kiarabu alikiita *Sayyidat al-Qamar*, Mabibi wa Mwezi, na jina hilo ndilo lililonikaa moyoni. Kilipopata tuzo ya Man Booker ya Kimataifa 2019, cha kwanza cha Kiarabu kuipata, nilifurahi kama mtu anavyofurahia harusi ya jirani. Sikudhani mna changu ndani.

Mwanzo kilinishinda. Kila sura mtu mwengine, mara wako al-Awafi, kijiji cha Oman, mara Abdallah, mumewe Mayya, yuko angani kwenye ndege ya kwenda Frankfurt anakumbuka alivyofungwa kamba akaning'inizwa kisimani na babake. Nikachukua karatasi nikaandika majina, nani mtoto wa nani. Baada ya hapo sikukiweka chini.

Uliniambia ni kitabu cha ndugu watatu wa kike. Ni kweli, nao nimewapenda. Mayya na cherehani yake, anayempa binti yake jina la London na mji mzima unashangaa. Khawla anayemsubiri binamu yake aliyekwenda Canada miaka na miaka, kisha huyo binamu akishakuwa mumewe na kutulia nyumbani ndipo yeye anapodai talaka. Babaako angesema hana shukurani. Mimi nimemfahamu sana.

Lakini kwangu, mwanangu, hiki ni kitabu cha Zarifa.

Amezaliwa 25 Septemba 1926, siku ile ile mataifa yanatia saini Geneva mkataba wa kukomesha utumwa, na mamake Ankabuta yuko kwenye uchungu wala hana habari nao. Mjakazi wa mfanyabiashara Sulayman, babake Abdallah, tena mwanamke wake wa faragha, na mlezi wa Abdallah aliyefiwa na mama. Jiko lake, vichekesho vyake, mwili wake mkubwa, zar anazokwenda, ambazo kwetu Unguja tungeziita ngoma za pepo. Oman imefuta utumwa 1970. Mwanawe Sanjar anamwambia mama tuko huru, anaondoka kwenda Kuwait. Na mzee Sulayman kwenye maradhi yake ya mwisho, akili imeshapotea, anamwamrisha Abdallah amfunge Sanjar kwenye nguzo ya ua kwa kuiba vitunguu. Abdallah anamjibu, baba, Sanjar yuko Kuwait, watu wameshaachwa huru. Mzee hasikii. Hapo nilikifunga kitabu nikaenda kukaa barazani.

Kuna jambo moja ningependa kumuuliza mwandishi. Kitabu kizima ni Abdallah peke yake anayesema "mimi". Zarifa tunasimuliwa. Pengine amekusudia, maana ndivyo ilivyokuwa: mtoto wa bwana ndiye mwenye kusema, hata anapompenda aliyemlea. Nami nimeona nimekaa upande wa Abdallah.

Unaikumbuka ile picha ya nyumba yetu ya Unguja, watoto tumepangwa ngazini, na nyuma yetu bibi mmoja wa kanga, uso umekatwa nusu na ukingo? Ulikuwa mdogo uliponiuliza ni nani. Nikakwambia, "Mtu wa nyumbani." Ukaridhika.

Mamake bibi huyo alikuwa mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani, wa nyumba ya kina babu yangu. Unguja sheria ya kufuta utumwa ilitoka 1897, na masuria nao wakaachwa huru 1909. Kwa karatasi, yule bibi hakuwahi kuwa mtumwa wa mtu. Lakini kila alfajiri alitoka mtaa wa Ng'ambo kwa miguu kuja kutupikia, akala jikoni sisi tukishakula. Mimi alinilea yeye. Homa ya surua alinikesha yeye. Siku moja, nina miaka sita au saba, nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mama, nikamwambia ainuke. Akainuka. Watu wazima walikuwepo, hakuna aliyenikaripia.

Tulipoondoka 1964 alitufungia mkate wa kumimina kwenye kitambaa. Tulikula njiani kwenda Mombasa. Sikumbuki kama nilimuaga.

Hili sikupata kukuhadithia kwa sababu nilijizoesha kusema tulimpenda, na tulimpenda kweli, nikaona yatosha. Abdallah naye anampenda Zarifa.

Picha nimeitoa kwenye albamu nitakuletea. Nilitaka kuandika jina lake nyuma, na kalamu mkononi nikagundua najua lile tu tulilomwitia. Leo asubuhi nimempigia simu shangazi yako Unguja nimuulize alikuwa binti nani. Naye hajui. Amesema yuko mzee mmoja Ng'ambo, hasikii vizuri lakini kumbukumbu bado anazo, atamwendea Jumapili.

Nitakuandikia akishanijibu.

Mamaako