Beji za jeshi za zamani msizisugue na ndimu

Mhariri,

Nimesoma kile kipande chenu cha vidokezo vya nyumbani kinachosema ati nyota na beji za jeshi za zamani zilizodariziwa kwa uzi wa dhahabu zikiingia weusi uchukue ndimu na magadi, ama dawa ya meno, usugue na mswaki mpaka zing'ae. Jamani! Mimi kazi yangu ni zari, nadarizi majoho ya maharusi na kutengeneza ya zamani yaliyochakaa hapa Mji wa Kale Mombasa, na watu huniletea pia vitu vya wazee wao waliokuwa jeshini, na nikwambie ukweli, vingi vinavyonifikia vikiwa vimekufa havikuuliwa na miaka, viliuliwa na mjukuu mwenye nia nzuri na mswaki.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Askari wa kawaida wa Keya, lile jeshi la Waingereza la King's African Rifles, tepe zake zilikuwa za kitambaa na beji yake ya kofia ilikuwa ya madini matupu kama shaba, hizo sio habari yangu leo. Uzi wa dhahabu ulikuwa wa sherehe na wa wakubwa: koti la ofisa la kuvaa usiku mesini, vile vipande vyekundu vya kola ya kanali, ulimi wa kofia ya jenerali wenye majani majani, na majeshi yetu baada ya uhuru yaliendelea na mtindo huohuo wa Kiingereza kwa hiyo kwenye makasha ya watu viko. Kazi hii inafanywa kwa mkono mpaka leo, mji wa Sialkot kule Pakistan ni maarufu kwa beji hizi pia.

Sasa huo uzi, tunauita wa dhahabu lakini dhahabu yenyewe ni kidogo mno. Ndani ni waya wa fedha, au shaba kwa zile za bei rahisi, halafu juu umepakwa dhahabu nyembamba ajabu. Kuna aina ambayo utepe mwembamba wa madini umezungushwa kwenye uzi wa hariri au pamba, na kuna ile ya kama sprini ya kalamu, uwazi katikati, fundi anaikata vipande vidogo vidogo anaishona kimoja kimoja kama shanga. Hii ya pili ndio inayonipa huzuni manake jino moja la mswaki likinasa tu sprini inavutika, na ikivutika hairudi tena. Chini yake kumejazwa felti au kadibodi na mara nyingi gundi pia, ndio maana inasimama juu ya kitambaa.

Weusi unatoka wapi? Fedha ikikutana na salfa iliyoko kwenye hewa inageuka, inafanya tabaka jeusi. Salfa iko kwenye moshi, iko kwenye mpira, iko kwenye mayai, na hata sufu yenyewe ambayo beji imeshonewa inayo. Ina maana ule weusi ni fedha yako mwenyewe imebadilika, kila ukiusugua ukatoka umetoa fedha, na ile dhahabu ya juu inaondoka nayo kabla hujajua. Nshaona nyota iliyoingia kwenye ndimu ikiwa ya rangi ya dhahabu iliyofifia ikatoka nyekundu nyekundu kama sarafu ya shaba, mwenyewe anauliza dhahabu imeenda wapi. Imeenda kwenye sinki. Na asidi ya ndimu inayobaki ndani ya felti haioshiki ikatoka yote, inaendelea kula polepole miezi na miezi.

Dawa ya meno ina unga wa kusugulia, unabaki mweupe katikati ya zile sprini, hautoki. Ile mbinu ya foili na magadi kwenye maji moto ni ya vijiko vya fedha, beji ukiitia majini kadibodi inavimba, gundi inayeyuka na kile kitambaa chekundu kinachuja rangi kwenye kila kitu. Na dawa za kung'arishia vifungo, zile ambazo kila aliyepita jeshini au skauti anazijua kwa harufu, nyingi zina amonia. Amonia na shaba hazipatani kabisa. Waingereza walijifunza hili India, maganda ya risasi ya shaba yaliyowekwa karibu na mabanda ya farasi msimu wa mvua yalikuwa yanapasuka yenyewe, baadaye sana ndio ikajulikana ni amonia ya mkojo wa farasi. Kama ganda la risasi linapasuka, waya mwembamba kama unywele utafanyaje?

Basi mtu afanye nini? Kidogo sana, na hilo watu hawapendi kulisikia. Geuza beji utazame nyuma, pale ambapo hewa na mwanga havikufika sana utaona rangi yake ya asili na utajua kama ni fedha au ya dhahabu. Chukua brashi laini kabisa, ya kupakia poda usoni inatosha ikiwa mpya na haina poda, ufagie vumbi kufuata uzi ulivyolala, usiende kinyume, na kama una vakyumu funga kitambaa cha neti mdomoni uiweke kwenye nguvu ndogo kabisa uishike mbali kidogo iwe inavuta vumbi linaloruka. Kwa nyingi hapo kazi imeisha. Ikiwa ina mafuta ya mikono, pamba ya kijiti yenye spiriti safi isiyo na mafuta wala rangi, iwe na unyevu tu isitiririke, na ujaribu kwanza pembeni kama kitambaa kinatoa rangi. Kikitoa, acha. Zile zinazong'aa kama nailoni zenye alumini na plastiki, zilizoanza kuenea baada ya vita vya pili, haziingii weusi wa fedha, hizo usizipe dawa kali maana plastiki inaweza kuharibika. Wazee wa kazi walikuwa wanatumia unga wa mkate mkavu, mimi kwa Mombasa hii yenye mende siusogelei.

Za kijani ni habari nyingine. Kijani ni shaba inayooza, na hewa yetu ya chumvi inaiharakisha. Ikiwa nyuzi zinakatika ukigusa usipige brashi hata kidogo, ilaze ubapa na umtafute mtu anayejua kuhifadhi vitu vya kale.

Kuiweka ndio muhimu kuliko kuisafisha. Toa pini ya nyuma kama imeshika kutu. Usifunge na mpira, usitie kwenye mfuko wa plastiki ukaifunga na joto letu hili, na mama zangu mnaofukiza udi kwenye kabati, hiyo beji itoeni kwanza maana moshi unaacha utando unaonata na vumbi linakaa hapohapo. Karatasi nyeupe isiyo na asidi, au kitambaa cha pamba kilichofuliwa kikasuuzwa vizuri. Gazeti hapana, samahani Mhariri, gazeti lina asidi na wino, hata lako.

Watu huniuliza kama naweza kuipaka dhahabu upya. Hapana, haiwezekani uzi ukiwa umeshashonwa. Anayetaka ya kung'aa ya kuvaa siku ya sherehe adariziwe nyingine, sio ghali kama watu wanavyodhani, na ile ya babu iwe nyeusi hivyohivyo.

Fundi wa zari,
Mji wa Kale, Mombasa