Msitufungie mikataba ya matawi

Mhariri,

Ninafanya kazi katika idara ya ununuzi ya kiwanda kimoja hapa Kisumu. Nimeona mtindo unaoenea katika kampuni zenye matawi: makao makuu Nairobi yananunua programu ya ununuzi, kisha yanaagiza kila kitu kinunuliwe kwa mkataba mmoja wa kampuni nzima. Mikataba ya matawi, ile ambayo kila tawi lilikuwa nayo na wauzaji wa karibu, inafungwa, yaani inazuiwa isitumike tena. Ukiandaa LPO (hati ya kuagiza bidhaa) ya muuzaji wa hapa, mfumo unaikataa.

Sipingi mkataba wa pamoja. Matairi, kompyuta, viatu vya usalama: tukiagiza matawi yote kwa pamoja bei hushuka, na tawi dogo kama letu linapata bei ambayo peke yake lisingeiota.

Lakini chukua paleti za mbao, yaani majukwaa ya kupangia mizigo. Paleti ni mbao na misumari, na ukizipakia kwenye lori, sehemu kubwa unayosafirisha ni nafasi tupu. Sisi tunazitoa Nairobi, mwendo wa kilomita 350 hivi, ilhali mafundi wako hapa Kibuye. Ukifungua mkataba kwenye kompyuta, bei ya Nairobi inaonekana nafuu. Ni nafuu kwa sababu ni bei ya kuchukulia godauni. Nauli ya lori inaingizwa kwenye hesabu ya usafirishaji, na hakuna anayeketi kuzijumlisha hizo mbili. Tena fundi wa Kibuye, ubao ukivunjika chini ya magunia, huja kesho yake na nyundo akaubadilisha papo hapo stoo. Huduma hiyo haina mahali pa kuandikwa kwenye skrini.

Halafu kuna kiwango cha fedha. Mkataba wa pamoja huwekewa kikomo, na kila LPO inakipunguza, iwe ya tawi gani. Mombasa wakiagiza kwa wingi mapema, kinakwisha, nasi tunasubiri kiongezwe huku mzigo umelundikana mlangoni.

Basi tawi hufanyaje? Linaingia kwenye peti kashi, fedha taslimu za matumizi madogomadogo. Vitu vinanunuliwa vipande vipande, risiti kwa risiti, nje ya mfumo kabisa. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa programu ilinunuliwa ili matumizi yaonekane, na kufunga mkataba wa tawi ndiko kunakoyaficha.

Programu zenyewe hazina kosa. Zile kubwa, kama za SAP na Oracle, zinaruhusu mkataba wa kampuni nzima na mkataba wa tawi moja kukaa pamoja. Nani anunue kwa upi ni uamuzi wa watu wanaoupanga mfumo, si wa mashine.

Tunaambiwa wauzaji wadogo hawana ankara za eTIMS, yaani ankara za kielektroniki za mamlaka ya kodi, KRA. Hoja hiyo ni nzito, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi na KRA wakati wa kukokotoa kodi ya mapato. Ila ankara hizo siku hizi hutolewa hata kwa simu ya mkononi. Tumsaidie seremala ajisajili badala ya kumfuta. Serikali yenyewe, katika Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, inataka kaunti itenge angalau asilimia 20 ya manunuzi yake kwa wakazi wa kaunti hiyo. Kampuni binafsi hazibanwi na kifungu hicho, lakini zinapata wafanyakazi, maji na barabara kwa wakazi haohao.

Ninawaomba wakurugenzi wasifunge mkataba wa tawi kabla ya kumuuliza meneja wa tawi. Bei zilinganishwe mzigo ukiwa umefika mlangoni petu, nauli ikiwa ndani. Kikomo cha fedha nacho kigawanywe, kila tawi lijue fungu lake. Paleti, mchanga, maziwa ya kantini na ukarabati wa pampu virudi kwa matawi kabla ya mikataba ya mwaka ujao kutiwa saini.

Afisa wa ununuzi,
Kisumu