Ua la uwandani si waridi

Ndugu Mhariri,

Nimefundisha kwaya kwa miaka mingi, na kila msimu wa harusi nasikia mstari uleule wa Wimbo Ulio Bora 2:1: "Mimi ni ua la uwandani, ni nyinyoro ya mabondeni." Kanisa limepambwa mawaridi, mhubiri anasifu waridi, na baadhi ya nyimbo zetu zinasema msemaji ni Bwana Yesu. Naomba nafasi nilitetee ua lenyewe.

Neno la Kiebrania hapo ni havatzelet. Katika maandiko yote ya Kiebrania linatokea mara mbili tu: hapo na katika Isaya 35:1. Wafasiri wa Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili, waliandika "ua la uwandani" hapa na "waridi" kule, ingawa neno ni lilelile. Siwalaumu, kwa kuwa hata wataalamu wa mimea hawajaafikiana ni ua gani. Wengi wao hata hivyo hutaja maua ya porini yenye mizizi kama kitunguu, yanayojiotea yenyewe. Uwanda unaotajwa katika Kiebrania ni Sharoni, ukanda wa pwani ulio kusini mwa mlima Karmeli.

Kwa hiyo mimi nasikia kwamba msemaji hajisifu. Anasema yeye ni ua la kawaida, moja kati ya maelfu yaotayo baada ya mvua bila kupandwa na mtu. Kijana ampendaye ndiye anayemwinua katika mstari wa pili: kati ya wasichana, wewe ni kama nyinyoro kati ya miiba. Anachukua ua lilelile alilojishushia binti na kumrudishia likiwa sifa. Kila nikifika hapo nasimama kwanza.

Na msemaji ni binti kweli. Kiebrania hutenganisha: ra'yati huambiwa mwanamke, dodi huambiwa mwanamume. Kiswahili hakina tofauti hiyo, lakini wafasiri wetu waliitafutia njia: kijana humwita binti "mpenzi", binti humwita kijana "mpendwa". Kazi ya ustadi mkubwa, na watu wengi huipita bila kuiona.

Sipingi kusoma kwa fumbo, yaani wapendanao wakiwa mfano wa Mungu na watu wake. Wayahudi nao husoma hivyo: Zohari, kitabu chao cha mafumbo ya dini, kinaanza na ua hilo la miibani, na kinalifasiri kuwa ni jumuiya ya Israeli. Lakini hata huko ua ni yule apendwaye, si Mungu ampendaye.

Nyinyoro nayo, shoshana kwa Kiebrania, ina safari yake. Tafsiri za karibuni zimeandika "yungiyungi", ua la majini, wala hazikukosea sana, maana asili ya neno shoshana hudhaniwa kuwa Misri ya kale, ambako lilitaja yungiyungi. Jina la akina Suzana wetu linatoka hapo. Leo Waisraeli wakiimba harusini wimbo wa mapenzi "Erev shel Shoshanim" (Jioni ya shoshana), wengi husikia mawaridi, kwa hiyo hata wenye lugha yao wamehama.

Kuna jambo ambalo waridi la dukani haliwezi kubeba. Katika nchi ile mvua hunyesha majira ya baridi, maua hutanda kwa majuma machache, kisha upepo wa joto kutoka jangwani huyakausha. Zaburi 103 inamfananisha mwanadamu na ua la kondeni: upepo hupita juu yake, halipo tena. Binti anayejiita ua la uwandani anaimba akilijua hilo, na kijana anampenda hivyo hivyo.

Ombi langu kwa watunzi: mstari wa kwanza waimbe soprano peke yao, taratibu, bila kinanda. Wa pili wajibu besi. Msiuimbe wote kwa pamoja, kwani mkifanya hivyo hakuna anayemjibu binti.

Mwalimu wa kwaya,
Moshi